Maji ya Shela Mezani: Kanuni za Mchezo kama Uhakiki

Kila matini ya vita hukabiliwa na swali la mipaka: mapigano yaanzie wapi, yaishie wapi, na nani ahesabiwe kuwa ndiye mshindi. Mtunzi wa utenzi hulijibu swali hili kwa dibaji na tamati. Mwanahistoria hulijibu kwa tarehe. Yuko mtunzi wa tatu ambaye uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujamtazama sana, naye ni yule abuniye pambano la kuchezwa mezani kwa vijisanamu. Huyu hana nafasi ya kusema "labda". Kanuni yake ama yamruhusu askari kurudi nyuma ama yamkataza. Kwa sababu hiyo kazi yake, ijapokuwa ni ya burudani, huyaweka wazi maamuzi ambayo watunzi wengine huweza kuyafunika kwa lugha.

Utanzu huu una historia yake. Mnamo 1812 von Reisswitz mkubwa alimwonyesha mfalme wa Prussia meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mwanawe alichapisha kanuni ambazo maofisa wa jeshi walizitumia kujifunzia. Mwaka 1913 H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bandia sebuleni, na mchezo ukawa wa raia. Tangu hapo vita vya Napoleon vimekuwa mojawapo ya maudhui yapendwayo mno na wachezaji. Mbunifu huchagua pambano, huchora ardhi, huorodhesha vikosi vya kila upande, huamua idadi ya zamu, huweka masharti ya ushindi, na huyaachia dadu yale asiyotaka kuyaamua mwenyewe. Katika pambano la Waterloo, kwa mfano, mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni 1815 iliilowesha ardhi na kumchelewesha Napoleon, na jeshi la Prussia likafika mchana wakati angali akipigana. Mbunifu hana budi kuamua: je, Waprussia wafike kwa saa iliyopangwa, au kwa bahati ya dadu? Jibu lolote alitoalo ni nadharia kuhusu sababu za kushindwa kwa Napoleon.

Katika mtaa wa Lavington, magharibi mwa Nairobi, mwalimu mmoja mstaafu wa historia alikuwa na meza ya namna hii, futi 6 kwa 4, katika chumba kilichokuwa cha watoto kabla hawajahama. Lavington yenyewe si mahali pa ajabu kwa mambo ya Wafaransa: mapadre wa Misheni ya Mtakatifu Austin walifika sehemu hizo mwaka 1899 na kupanda mibuni. Kwa miaka mingi mwalimu alicheza Waterloo na Borodino pamoja na marafiki wachache. Kisha akatambua jambo ambalo ramani zake za Ulaya zilikuwa zimemficha. Katika miaka ile ile ambayo Napoleon alikuwa akielekea Moscow na kurudi, pwani ya Kiswahili ilikuwa na vita vyake vikubwa, navyo vina washairi wake. Akaziondoa theluji za Urusi mezani, akaweka mchanga wa Shela.

Vita vya Shela, vijulikanavyo pia kama vita vya Kuduhu, vilipiganwa mnamo 1812 au 1813. Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate waliteremka katika ufuo wa Shela, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Lamu, wakakabiliwa na Waamu na kushindwa vibaya. Masimulizi ya Lamu husisitiza jambo moja: wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, nao wakauawa papo hapo ufuoni.

Vijisanamu vya Waamu haviuzwi popote. Mwalimu alivitumia vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya vita vya Napoleon huko Misri vya 1798 hadi 1801: Wamamluki aliwatia rangi nyeupe ya kanzu, wengine akawachonga upya wapate mikuki na bunduki za fatila. Majahazi aliyachonga kwa mbao. Kisha akaandika kanuni ya kwanza, na kanuni hiyo ilihusu maji. Katika kila zamu baada ya ile ya nne, mchezaji wa Mombasa atupe dadu. Akipata moja au mbili, maji yakupwe na vyombo vikwame. Kanuni hii ilionekana kuwa ya haki. Mchezaji anayeijua historia angekataa kuteremka iwapo angejua hakika kwamba atakwama. Dadu ilimrudishia ile hali ya kutojua ambayo, kwa dhana ya mwalimu, Wamombasa walikuwa nayo.

Aliyeipinga kanuni hiyo alikuwa nahodha mzee mwenyeji wa Lamu, mgeni wa jirani, aliyealikwa kucheza upande wa Mombasa. Aliisoma karatasi, akaiweka chini.

"Mwalimu," alisema, "nahodha asoyua mai ya kwao si nahodha."

"Lakini, Nahodha, walikwama."

"Walikwama. Hawakukwama kwa kutoyua."

Hoja ya nahodha ni nzito kuliko inavyoonekana. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa kwa kadiri ya kila saa sita, na wakati wa bamvua tofauti huzidi mita 3. Watu wa Mombasa na Pate waliishi kwa hesabu hiyo: kutoka, kuingia, kuvua, kupakia. Kuyafanya maji yawe dadu ni kuwageuza mabaharia kuwa wageni katika bahari yao wenyewe. Mvua ya Waterloo yaweza kuwa dadu. Maji ya Shela hayawezi. Basi kilichowaangamiza wavamizi si ujinga wa maji bali uhakika wa ushindi. Waliyaacha maji yapwe kwa kuwa hawakutarajia kuyahitaji.

Swali likabadilika. Uhakika huo ulitoka wapi, na utaandikwaje kwa kanuni? Hapa ndipo mwalimu alipolazimika kuiacha rafu ya historia ya kijeshi na kuiendea rafu ya ushairi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihaririwa na Hichens mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayachunguza upya katika kitabu chake cha 1979. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walichapisha mkusanyo wa mashairi yaliyorushiana maneno wakati wa vita hivi, na humo Lamu ina sauti yake, hasa ya Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja. Mtu ayasomaye mashairi haya kama mapambo ya vita atakuwa ameyapunguza. Majibizano yalikuwa yakitangulia silaha, yakimfunga msemaji na watu wake mbele ya miji miwili. Aliyekwisha kujigamba hadharani hawezi tena kugeuza tanga bila ya kuaibika.

Kanuni ya pili ikatoka humo. Maji yaliwekwa wazi kwa wachezaji wote: yatakupwa katika zamu ya sita, hapana dadu. Lakini kabla ya zamu ya kwanza pande mbili zijibizane kwa kadi za mashairi. Kila kadi ya kujigamba huwaongezea askari ujasiri, na kila kadi hiyo hiyo humnyima mchezaji zamu moja ya kurudi nyuma. Kwa upande wa Lamu, ambako makundi ya Zena na Suudi yalikuwa yakivutana, kadi zilitumika kwanza kuuunganisha mji. Mchezaji asiyezitumia hivyo huanza vita na nusu ya watu wake wakiwa majumbani.

Yaweza kudaiwa kwamba kulipa shairi thamani ya tarakimu ni kulidhalilisha. Hoja hiyo ina ukweli wake: kadi haiwezi kubeba mizani, vina wala mafumbo, na fumbo ndilo silaha kuu ya Muyaka. Hata hivyo, kanuni hii yasema jambo ambalo uhakiki wa maudhui na fani umekuwa ukilizunguka tu, kwamba shairi la vita ni tendo lenye gharama kwa mtendaji wake. Nahodha alicheza upande wa Mombasa, akazitumia kadi zake zote kwa furaha, na zamu ya sita ilipofika alikaa akiitazama meza bila ya kusema. Alikuwa ameyajua maji tangu mwanzo.

Lililobaki ni tamati. Kwa desturi ya mchezo, mshindi huhesabiwa kwa vijisanamu vilivyoondolewa mezani. Mwalimu hakuridhika. Katika vilima vya mchanga vya Shela upepo umekuwa ukifunua mifupa ya binadamu, na wenyeji huihusisha na vita hivi. Kuwageuza watu hao kuwa alama za ushindi kulimtia haya. Tena, hesabu hiyo yasema uongo wa kihistoria. Baada ya ushindi Waamu walihofu kisasi, wakamwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Alimtuma liwali na askari. Ngome ya Lamu ilikamilika mnamo 1821. Na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwake. Muscat yenyewe ilikuwa imekwisha kuvutwa na vita vya Ulaya: Mwingereza alifunga nayo mkataba mwaka 1798, na Napoleon aliiandikia barua akiwa Cairo mwaka 1799. Aliyeshinda Shela na aliyeshindwa waliishia chini ya bendera moja.

Kwa hiyo zamu ya mwisho haina mapigano. Mshindi, awe nani, hupewa karatasi na kalamu aamue kama ataiandikia Muscat. Akiandika, mji wake huwa salama na hauwi tena wake. Asipoandika, hutupa dadu kwa ajili ya kisasi. Hiyo ndiyo dadu pekee iliyosalia nje ya mapigano, na pahali pake ni sahihi, kwa kuwa hapo ndipo Waamu walipokuwa hawajui.

Mhakiki wa ushairi wa vita ana la kujifunza hapa. Tamati ya utenzi, kama ya mchezo, ni uamuzi kuhusu nani ahesabiwe na hesabu ifungwe lini. Shairi lililoishia kwenye ushindi wa ufuoni na shairi lililoisubiri barua ya Muscat si mashairi ya vita vimoja.