Chakula cha Mchana na Mvinyo Mwekundu wa Dodoma

Ukishuka kwenye treni ya SGR Dodoma adhuhuri, unapokewa na jua kali, upepo mkavu na milima ya mawe. Wageni wengi huja kikazi: wizara, Bunge, semina, kisha jioni wanarudi Dar es Salaam. Wanaondoka bila kuionja Dodoma, nayo huonjwa mezani, mchana, kwa mvinyo mwekundu uliotokana na udongo wake.

Mizabibu ililetwa huku na wamisionari wa Kikatoliki, ikashika mizizi Bihawana katika miaka ya 1950. Walichagua vizuri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa mahindi hiyo ni shida, ndiyo maana Wagogo tangu zamani wametegemea uwele na mtama. Kwa mzabibu ni neema. Jua huongeza sukari kwenye tunda, na hewa kavu hupunguza ukungu unaoozesha vichala.

Tembelea Hombolo, Mpunguzi au Makutupora uone mashamba yenyewe: nguzo zimepangwa mistari, nyaya zimevutwa, matawi yametambaa juu yake, na udongo mwekundu wa kichanga uko chini. Ulaya mzabibu hulala msimu wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mkulima akishavuna, anaupumzisha kidogo, anaupogoa, nao unachipua upya. Kwa hiyo huvunwa mara mbili: kuanzia Februari, halafu tena Agosti na Septemba. Ukienda miezi hiyo utazikuta zabibu barabarani, zimejaa kwenye ndoo na mabeseni, na asiyekunywa kileo naye atapata haki yake.

Zabibu nyeusi inayotamba hapa inaitwa Makutupora. Ibinye: maji yake hayana wekundu wa kutosha kujaza glasi. Rangi iko kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, yakaachia rangi na ule ukakasi unaoshika ulimi.

Ukakasi huo ndio unaoutafuta mchana. Kaa kivulini, kwenye bustani yoyote inayochoma nyama vizuri, uagize mbuzi. Ikiwa ni Jumamosi, pita kwanza mnada wa Msalato, uone nyama inavyochomwa na watu wanaoijua kazi yao. Mbuzi wa nyanda kavu ana nyama ngumu kiasi, yenye ladha nzito. Inakuja kwenye sinia la mbao ikiwa bado inachuruza mafuta, pembeni chumvi, pilipili na kachumbari ya ndimu. Tafuna kipande, kisha unywe funda dogo la mvinyo mkavu. Mafuta yanakatika, mdomo unasafika, na kipande cha pili kinakuwa kitamu kuliko cha kwanza. Mvinyo nao unabadilika: ule ukali wa mwanzo unalainika, na tunda linajitokeza. Baadaye letewa ugali wa mtama na mlenda, ule kama wenyeji wanavyokula.

Mambo mawili ya kuzingatia. Sema mapema kwamba unataka mvinyo mkavu, kwa sababu mtamu nao ni mwingi na hauendi vizuri na nyama. Pia omba chupa ikae kwenye barafu dakika chache, maana joto la Dodoma huupa mvinyo mwekundu ukali wa pombe usio wake. Baada ya hapo usiendeshe gari. Mchana huu haupendi haraka.

Mkulima wa zabibu haogopi ukame kama anavyoogopa kukosa soko, kwa sababu zabibu iliyoiva haisubiri mnunuzi. Kila chupa ya Dodoma inayofunguliwa mezani ni sababu ya kiwanda kununua tena msimu ujao. Basi ndugu msafiri, ukipewa orodha ya vinywaji Dodoma, Arusha au Dar es Salaam na ukakuta mvinyo wote umetoka ng'ambo, uulizie wa Dodoma. Mvinyo huu unastahili meza zetu.