Mstari Ulipokuwa na Miisho Mitatu

Wa umri wangu mtaikumbuka sauti ya mashine ya taipu ofisini: vidole vya mhazili vikidunda, kengele ikilia mstari unapokaribia ukingoni, kisha mkono wake wa kushoto unausukuma ule wenzo wa chuma, roli linarudi mwanzo kwa kishindo na karatasi inapanda hatua moja. Kazi mbili kwa msukumo mmoja. Wahazili waliosomea Tabora waliifanya huku wakiongea na mgeni, macho yakiwa kwenye rasimu ya bosi. Leo tunabonyeza Enter. Hailii.

Zile kazi mbili hazikufa na taipu. Zilihamia kwenye mashine za kupeleka maandishi kwa waya, kama Teletype Model 33 ya 1963, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde. Kichwa chake cha kuchapia hakikuwahi kurudi kushoto ndani ya muda wa herufi moja, kwa hiyo zilitumwa amri mbili zikifuatana: rudi mwanzo, kisha pandisha karatasi. Ile ya pili ikitekelezwa, kichwa kilikuwa kinapata nafasi ya kufika. Katika orodha ya ASCII zikapewa namba, 13 ya kurudi na 10 ya kushuka mstari. Halafu waunda kompyuta wakagawana urithi huo kama ndugu wasiosemezana. Unix, iliyoanzia Bell Labs mwaka 1969, ilichukua 10 peke yake, ikiufuata mfumo wa Multics uliotangulia. MS-DOS ya 1981 ilibeba zote mbili kama mfumo wa CP/M uliotangulia. Macintosh ya 1984 ikachukua 13 tu.

Sisi wa Dar es Salaam tulikuja kuukuta mgawanyo huo umeshafanyika. Miaka ya tisini inaisha, ofisi ina kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, kompyuta zilizokuja nyeupe zimegeuka rangi ya maziwa ya chai, flopi zimeandikwa kwa bolpeni “USIFUTE”, na modemu inakoroma na kupiga mluzi huku mhasibu akisikiliza bili ya simu inavyopanda. Tuliandika kwa Notepad ya Windows, lakini tovuti za wateja zilikaa kwenye seva za Unix ughaibuni. FTP ilikuwa na njia mbili za kupeleka faili: ya maandishi, iliyogeuza miisho ya mistari ilingane na upande wa pili, na ghafi, iliyopeleka kitu kilivyo. Skripti ya Perl ikienda kwa njia ghafi, seva ilijibu kwamba faili halipo, nawe unaliona hapo hapo kwenye orodha! Mstari wake wa kwanza ulitaja mahali Perl inapokaa, na mwishoni ilijibanza ile 13, hivyo Unix ilikuwa ikitafuta programu ambayo jina lake lina herufi ya ziada isiyoonekana. Ulipolifungua kwa kihariri cha vi, ile 13 ilionekana kama ^M, zikijipanga pembeni kuanzia juu hadi chini.

Kinyume chake kiliuma zaidi. Ukiteremsha picha ya harusi kwa njia ya maandishi, programu iliongeza 13 mbele ya kila 10 iliyoikuta humo, na maharusi wakafika wamechanika vipande. Faili la Unix likifunguliwa kwa Notepad lilikuwa mstari mmoja mrefu wenye vijisanduku vyeusi. Watu wa uchapaji nao walileta flopi za Macintosh, zenye mwisho wa tatu.

Dawa ya zile ^M ilikuwa neno moja, dos2unix, au tr -d '\r' kwa aliyependa kujionyesha. Lakini kabla ya dawa yoyote kulikuwa na swali. Dada wa mapokezi angekuja na flopi yake: “Kaka, barua yangu imeungana yote.” Hukuigusa kibodi kwanza. Uliuliza, “Imetoka kwenye mashine gani?” Akijibu, nusu ya kazi imekwisha.

Siku hizi hakuna anayeuliza. Mac OS X ilihamia kwenye 10 mwaka 2001. Notepad yenyewe ilijifunza kusoma miisho yote mitatu mwaka 2018, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya ukaidi. Programu ya Git inaweza kuigeuza yenyewe. Vijana hawajawahi kuiona ^M, na sitawaombea waione. Zile saa tulizozitoa kwa mkia usioonekana zilikuwa saa za watu wenye familia, na dakika za simu zilikuwa pesa.

Hata hivyo tatizo halikuondoka, lilifunikwa. Juzi kijana wa ofisini alikuwa na orodha ya namba za simu iliyohifadhiwa kwenye Windows, anaipitisha kwenye skripti kwenye seva ya Linux. Namba zinafanana kwa macho, kompyuta inasema ni tofauti. “Shikamoo mzee, hii namba ni ile ile, inaikataa.” Nikamuuliza orodha imetoka wapi. “Imetoka kwenye mtandao,” akasema, naye hakuwa anakwepa. Kwake mafaili hayana kwao. Ile 13 ilikuwa imeganda mwishoni mwa safu ya mwisho.

Kompyuta zimepatana vizuri kiasi kwamba swali limekufa kabla ya ugonjwa, na hilo silisifu. Kanuni za barua pepe bado zinataka kila mstari ufungwe kwa 13 na 10, hata barua ukiiandikia kwenye simu ndani ya daladala. Wewe mwenye Linux au Mac, andika od -c na jina la faili lako lolote. Utakapoona \r ndiyo 13, na \n ndiyo 10. Ukizikuta zote mbili, usikimbilie kuzifuta. Uliza kwanza faili limetoka wapi.