Mbegu Zinazolala Nje Wakati wa Baridi

Sisi ni familia iliyokaa hapo kambini Nyarugusu miaka kumi na tisa, kabla ya kuhamia Marekani mwishoni mwa mwaka 2016. Sasa tunaishi Lansing, katika jimbo la Michigan, upande wa kaskazini, si mbali na mpaka wa Kanada. Tuko wazima. Jarida hili bado linatufikia kwa simu, kila mwezi, kurasa zikiwa zimepigwa picha na yaya wetu, yaani dada yetu mkubwa, aliyebaki huko pamoja na watoto wake wanne. Ndiye aliyetuambia, "Nanyi andikeni kitu. Lakini msiandike habari za magari na maduka, watu wamezichoka." Basi tutaandika habari za maua.

Tunajua wengine watacheka. Hata yaya alicheka. Siku tulipomtumia picha ya kwanza alitupigia akauliza, "Maua? Kwani maua yanaliwa?" Ni swali la haki kwa mtu anayepanga foleni ya mgao. Tutalijibu, ila tuanze na baridi yenyewe, kwa sababu bila baridi habari hii haieleweki.

Huko Kasulu tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ile ya asubuhi. Unavaa sweta, unaota moto kidogo, jua likipanda imekwisha. Huku mambo ni mengine. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni limeshazama. Miti karibu yote inapukutisha majani, inabaki kama mifupa. Theluji inafunika kila kitu, na chini yake udongo umekuwa mgumu kama saruji. Ukipiga jembe linaruka. Maji yanaganda kwenye nyuzi sifuri, lakini kuna usiku kipimo kinashuka hadi nyuzi 15, hata 20, chini ya sifuri.

Mama yetu amelima tangu utoto wake kule Fizi: mihogo, mahindi, maharage, karanga. Alipoiona nchi hii mara ya kwanza ikiwa nyeupe hivyo, alisema nchi imekufa. Majira yale ya baridi hakutoka nje. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa koti ndani ya nyumba, chakula anakigusa tu. Tulimpeleka kwa daktari, mwili ukaonekana mzima. Tukimuuliza, alijibu neno moja, "Nangoja." Unangoja nini, mama? "Namngoja mkubwa wangu." Maana yaya alikuwa ameolewa na faili lake lilikuwa peke yake, na sisi tuliambiwa kwamba atafuata baada ya miezi michache.

Miezi michache ikawa mwaka. Januari 2018, theluji ikiwa imefika magotini, jirani yetu alibisha hodi. Ni bibi mzungu, umri wake sawa na wa mama. Mkononi alikuwa na mfuko wa chupa tupu za maziwa. Yeye anasema Kiingereza, mama anasema Kibembe na Kiswahili, kwa hiyo mtoto wetu wa miaka tisa akawa mkalimani. Bibi alisema anataka kupanda maua yake lakini vidole vinamuuma, anaomba mtu wa kumsaidia. Mama aliuliza mara mbili kama mtoto amesikia vizuri. Kupanda? Leo? Nje? "Hata mwenda wazimu hapandi kwenye barafu," alisema. Lakini mkulima akiombwa msaada wa shamba hakatai. Akavaa makoti mawili, akatoka.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Maziwa ya huku yanauzwa katika vidumu vya plastiki vinavyopitisha mwanga, kimoja kinaingia karibu lita nne. Mnakata kidumu katikati kwa kukizungushia kisu, ila mnaacha sehemu ndogo chini ya mkono wake isikatwe, ili kifunguke na kufungika kama sanduku. Chini mnatoboa matundu ya kutolea maji. Mnajaza udongo laini wenye unyevu, kimo cha vidole vinne au vitano. Mbegu kubwa mnazifukia kidogo, mbegu ndogo kama vumbi mnazitawanya juu tu na kuzigandamiza. Kisha mnafunga kwa utepe wa gundi, mnaandika jina la ua, na kifuniko cha mdomo mnakitupa, ili theluji na mvua viingie na hewa ipite.

Halafu mnakiweka nje, palipo wazi, mnakiacha. Hakuna kumwagilia wakati kumeganda, hakuna kufunika. Theluji inakizika kidumu na ninyi mnarudi ndani.

Siku ile walipanda vidumu kumi na vinne. Kulikuwa na ekinasia, ua la zambarau lenye kitovu kama nungunungu. Na rudbekia, la manjano lenye jicho jeusi. Na popi nyekundu. Na mmea mmoja wenye utomvu mweupe, Wamarekani wanauita milkwidi. Maua ya nchi za joto kama zinia hayakuguswa. Bibi alisema hayo yanapandwa Aprili, kwa kuwa hayaijui baridi.

Mama alirudi akiwa na mashaka. Mbegu alizozizoea yeye ukizifukia na mvua ikanyesha, wiki moja tu mahindi yametoa ncha. Mbegu isiyoota kwa wiki tatu imeoza, basi. Sasa hizi zinalazwa kwenye barafu miezi mitatu, eti zitaota?

Kumbe kuna sababu. Maua mengi ya nchi hizi yanadondosha mbegu zake mwezi wa tisa au wa kumi. Kama mbegu ingeota papo hapo, mche mchanga ungekutwa na barafu ya mwezi wa kumi na moja na kufa. Kwa hiyo mbegu inazaliwa na kufuli. Ndani yake kuna vitu vinavyoizuia isiote, na nyingine zina ganda gumu juu. Kufuli hilo linafunguliwa na baridi yenye unyevu, kwa muda wa wiki nyingi: kwa ekinasia mwezi mmoja hivi, kwa milkwidi mwezi hadi miwili. Barafu ikiganda na kuyeyuka, ikiganda na kuyeyuka, ganda linalegea. Ukiipanda mbegu hiyo kwenye joto la nyumba tangu mwanzo, zinaota chache au haziti kabisa. Baridi ambayo mama aliiona kifo ndiyo ufunguo.

Aprili, theluji ikiwa bado imebaki pembeni mwa nyumba, mama alifungua kidumu cha rudbekia na kukuta vijani vidogo, viwili viwili, vimejaa kama wali. Alituita sote. Kuanzia siku ile alitoka kila asubuhi kuhesabu vidumu vyake. Vingine viliota mwezi huohuo, vingine Mei. Wakati wa joto mchana anavifungua, jioni anavifunga. Mwisho wa Mei walihamisha miche bustanini, yeye na bibi, wakielekezana kwa mikono, kila mmoja akisema lugha yake.

Kidumu kimoja hakikuota: kile cha milkwidi. Mama alitaka kukimwaga. Bibi akasema hapana, kiache kilale baridi nyingine. Kikakaa nyuma ya nyumba mwaka mzima. Mei 2019 kikaota.

Julai 2020 tukaona viwavi kwenye majani yake, wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano. Ni watoto wa kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa na nyeusi anayeitwa monaki. Kiwavi wake hali kitu kingine isipokuwa mmea huo, ambao utomvu wake ni sumu, ndiyo maana watoto wetu tunawakataza kuuchezea. Majira ya baridi yakikaribia, kipepeo huyo anaruka karibu kilomita 3,000 mpaka milima ya Meksiko. Na mwaka unaofuata, wanaofika tena huku kaskazini si wale waliotoka, ni watoto na wajukuu wao. Mama aliposikia hilo alinyamaza muda mrefu.

Miaka 141 ndani ya chupa

Mji wa jirani yetu kabisa, East Lansing, una habari moja ambayo watoto waliileta kutoka shuleni. Mwaka 1879 profesa mmoja wa mimea, William James Beal, alijaza chupa 20 mchanga uliochanganywa na mbegu, zaidi ya mbegu 1,000 kila chupa, akazifukia katika ardhi ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Alitaka kujua mbegu inaweza kuishi ardhini muda gani. Chupa zinafukuliwa moja moja, kwa kupokezana, maana yeye alikwishafariki mwaka 1924. Aprili 2021 wanasayansi walifukua moja usiku, ili mbegu zisipigwe na mwanga kabla ya wakati. Mbegu za mmea mmoja wa porini ziliota, baada ya miaka 141. Chupa ifuatayo imepangwa mwaka 2040, na ya mwisho mwaka 2100.

Sisi tuliiona habari hiyo kuwa nzuri sana, tukataka kumtumia yaya kama faraja. Ilipofika 2024 alikuwa amehojiwa mara nyingi, amepimwa afya mara mbili, na hatimaye alipewa tarehe ya kusafiri: Februari 2025. Alishagawa masufuria yake kwa majirani. Kisha Januari 2025 mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na safari za watu wengi zikafutwa, yake ikiwemo. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua wiki ile kuliko sisi.

Mama alitukataza. Alisema, "Msimpelekee mwanangu habari ya chupa. Mbegu haina watoto wa kulisha ikingoja. Mbegu inasubiri kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Mtu anasubirishwa."

Tumeliwaza sana neno hilo, na ndilo hasa tulilotaka kuwaletea. Watu wengi wanatupa mafundisho mepesi: vumilieni, kila jambo na majira yake. Ni kweli, ila si kweli yote. Baridi ya mbegu ina mwisho unaojulikana, Aprili inafika kila mwaka. Baridi ya mkimbizi haina kalenda. Anayesubirishwa hakosei akiuliza faili lake liko wapi, wala hana imani haba akilia. Hatutamwambia yaya kwamba miaka yake ilikuwa mizuri kwa sababu ilikuwa mirefu.

Lakini kuna kitu mbegu imetufundisha ambacho mama mwenyewe anakikubali. Kitu kilichonyamaza si lazima kimekufa. Mama yetu kwenye kiti chake alikuwa amenyamaza, na tulianza kumzungumza kama mtu aliyekwisha. Hatukumpa dawa. Mtu alimwomba msaada wa kazi anayoijua. Basi ndugu zetu, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekaa kimya tangu safari zifutwe, au kijana anayelala mchana kutwa, msimhubirie. Mwombeni msaada wa kitu ambacho mikono yake inakijua.

Sasa jibu la swali la yaya. Maua hayaliwi. Lakini mwaka ule yalipochanua, mama alianza kula.

Hapo Nyarugusu hamhitaji baridi. Mbegu za huku tusingewatumia, maana kupeleka mbegu nchi nyingine kuna sheria zake, na pia zingekosa barafu ya kuzifungua. Mna alizeti, ambayo inachanua na mbegu zake zinaliwa. Panda mvua zikishakolea, palipo na jua, kimo cha kidole kimoja ardhini, hatua ndogo kati ya shimo na shimo. Chupa za plastiki zilizokatwa nazo zinafaa kuoteshea miche ya nyanya. Toboeni chini, na msizifunike juani, jua la Kigoma litaipika miche.

Yaya alipanda alizeti mlangoni pake Novemba 2025, mistari miwili. Masufuria mengine majirani walimrudishia. Huku nasi Januari tuliweka nje vidumu ishirini, na kimoja mama ameandika jina la yaya juu yake. Ni milkwidi tena. Kikiota mwaka huu, vizuri. Kisipoota, mama amesema kisiguswe.

Wasalimieni wote wa zoni yetu ya zamani, na wale waliofika baada yetu ambao hatujuani. Mkipanda chochote, yaya ana simu ya kupiga picha. Tutafurahi kuona.