Jiwe Lililotupimia Jua

Kila mwaka nawasikia wanafunzi wakikariri kwamba Jua liko mbali nasi kilomita milioni 150. Hukariri vyema, nao hupata alama zao. Lakini ni wachache mno waulizao swali lililonisumbua tangu nilipokuwa chuo cha ualimu: ni nani aliyekwenda huko na kamba?

Tangu zama za Kepler, miaka 400 iliyopita, wanafalaki walijua sayari hii iko mbali na Jua mara ngapi kuliko ile. Walikuwa na ramani nzuri isiyo na kipimo. Lau wangalipata kwa usahihi umbali mmoja tu, mwingine wote ungalipatikana kwa hesabu. Walijaribu Zuhura na Mirihi, lakini katika darubini hizo ni visahani, na kisahani ni vigumu kukilenga barabara.

Tarehe 13 Agosti 1898, Gustav Witt wa Berlin alipiga picha ya nyota. Kati ya nukta nyingi akaona mstari mfupi: kitu kilikuwa kikitembea. Ndiyo Eros, jiwe lenye urefu wa kilomita 34 hivi. Sayari ndogo nyingi hukaa kati ya Mirihi na Mshtarii. Hili huingia ndani ya njia ya Mirihi, likatukaribia, kisha likatoka tena. (Usihofu kwamba yatagongana leo au kesho, njia ya Eros imeinama, nazo hupishana kama barabara na daraja lililo juu yake.)

Sasa, msomaji, nyosha kidole mbele ya uso wako. Fumba jicho moja, kisha lifumbue ufumbe la pili. Kidole chaonekana kuruka ukutani, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kirukavyo zaidi. Eros ndiyo kidole, nyota za mbali ndizo ukuta, na vituo viwili vya kutazamia nyota, vilivyo mbalimbali duniani, ndivyo macho.

Januari 1931 jiwe lilifika umbali wa kilomita milioni 26 hivi. Likapigwa picha katika nchi nyingi, hata Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Harold Spencer Jones, Mwingereza, alizifanyia hesabu picha hizo, na jibu likatolewa mwaka 1941. Miaka kumi kwa tarakimu moja!

Mwaka 1961 mawimbi ya rada yalipelekwa hadi Zuhura yakarudi, yakatoa kipimo bora zaidi. Mimi bado hufundisha habari za Eros. Rada sina darasani, lakini kidole kila mwanafunzi anacho.