Mstari Mweusi Unaopanda

Mimi ni mwenyeji wa Ngujini, katika milima ya Upare, na umri wangu umeshapita miaka sabini na mitano. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama karibu kila asubuhi ya shule mbele ya mlingoti wa bendera, kwanza nikiwa mwalimu mgeni aliyetoka chuo cha ualimu, baadaye nikiwa mwalimu mkuu. Ninalotaka kulisimulia lilinipata mwezi wa Aprili 1998, ila sina budi kuanzia mbali kidogo.

Desemba 1961 nilikuwa mtoto wa shule. Tuliambiwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Luteni Alexander Nyirenda amesimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Asubuhi tulikimbilia mgongo wa mlima tukakodoa macho upande ule. Mwenzetu mmoja aliapa kuwa ameiona. Marehemu baba alicheka sana. Yeye mwaka 1945 alishuka hadi Same pamoja na maelfu ya Wapare kuikataa kodi ya mbiru, na bendera iliyopepea siku zile ilikuwa ya Mwingereza. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza maana ya rangi zake.

Za kwetu tulielezwa. Bendera ya Tanganyika ilikuwa na mistari iliyolala: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na michirizi ya dhahabu kati yake. Zanzibar baada ya Mapinduzi nayo ilikuwa na mistari iliyolala, ya buluu, nyeusi na kijani. Nchi zikaungana Aprili 26, 1964, na ilipofika Juni 30 bendera mpya ikapitishwa. Walioibuni hawakushona tu kipande hiki na kile. Waliuinua mstari mweusi, ukaanzia chini penye mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya upande wa pili, kijani kikabaki juu yake na buluu chini.

Kijani ni ardhi na mimea yake. Weusi ni sisi watu. Buluu ni bahari, maziwa na mito. Dhahabu ni madini. Nimeyafundisha hayo mara nyingi mno. Kwa kijani sikuhitaji maneno, nilinyoosha kidole dirishani tu. Kwa buluu niliwatajia ndiva, maana watoto wangu wengi hawakuwa wameiona bahari, lakini kila mmoja alijua ugomvi wa zamu ya maji shambani. Kwenye madini nilipenda kuwasimulia habari za Washana wa Ugweno, mafundi waliofua chuma na kuuza majembe hata Uchagani. Watoto walinisikiliza kwa adabu. Wao waliwaza Mererani. Tangu tanzanaiti ilipogunduliwa mwaka 1967, kaka zao walikuwa wakishuka mlimani mmoja mmoja kwenda kujaribu bahati.

Basi, asubuhi hiyo ya Aprili, wakati mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu barabara, nilitoka ofisini nikaona bendera imepinduliwa. Kijani chini, buluu juu, na mstari mweusi, badala ya kupanda, ulikuwa unashuka. Zamu ilikuwa ya kijana wa darasa la sita, mtoto mtulivu ambaye hakuwa amewahi kukosea fundo. Nilimchapa viboko viwili mbele ya shule nzima. Kisha, kwa kiburi cha ualimu, nikamwamuru ataje maana ya rangi zote kwa sauti.

Akataja kijani. Akataja nyeusi. Akataja buluu. Kwenye dhahabu akanyamaza.

Nilimwuliza mara ya pili, akanitazama tu. Nilikuwa nimekwisha kuinua fimbo tena pale mwalimu wa zamu aliponisogelea na kuninong'oneza sikioni. Mafuriko yalikuwa yameingia katika mashimo ya Mererani na kuua wachimbaji wengi, na kaka yake kijana huyu alikuwa humo. Habari zilifika nyumbani kwao usiku. Mama yake alimtuma shuleni asubuhi ili asiwe katikati ya vilio.

Niliwaruhusu watoto waingie madarasani. Bendera tuliishusha na kuigeuza sisi wawili, mimi na yeye, bila kusema neno. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, na vyangu pia.

Jioni nilikwenda kwao. Mama alinipa kigoda, nikatoa pole, kisha nikamwambia wazi kuwa nimemchapa mwanawe. Alikuwa hajaambiwa. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama mtoto alikuwa amekosa. Nikamjibu kwamba aliikosea bendera. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda kuwapokea waombolezaji wengine waliokuwa wakiingia. Nilipopata nafasi ya kumwomba radhi kijana mwenyewe palikuwa na giza, sikuuona uso wake.

Maiti ya kaka yake haikurudi Ngujini. Yeye alimaliza darasa la saba mwaka uliofuata, na zamu yake ya bendera hakuikosa hata mara moja. Mimi, hadi nilipostaafu, nilikuwa nikifika mlingotini kabla ya kengele, naikunjua bendera kwa mikono yangu, na kumwuliza mtoto wa zamu kwanza habari za nyumbani.