Katibu wa Baa

Mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na baa kwake ilikuwa kitu cha kukipita upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo Jumanne ile, tarehe 5 Julai 1994, Baba aliposema, "Leo hakuna kupika, tunakwenda kula nje," na ikaja kujulikana kuwa hiyo "nje" ni baa ya mtaani kwetu Mwananyamala, nilijua hapatakalika. Kumbe wapi! Mama alijifunga kitenge chake cha kutokea, akamfuta mdogo wangu kamasi, akasema, "Haya, twendeni."

Nieleze kidogo. Baba alikuwa karani. Mwaka 1993 alipunguzwa kazini, kama walivyopunguzwa maelfu ya wenzake miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakifungwa au kuuzwa. Sisi watoto hatukuambiwa. Kila asubuhi alivaa shati lake la mikono mirefu, akabeba faili, akaondoka. Jioni alirudi akinuka moshi wa nyama. Nilikuwa na miaka 13 na hukumu nilishaitoa: Mzee anakunywa mshahara. Siku niliporudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule nilimchukia kimya kimya, bila hata kunyima salamu.

Baa yenyewe ilikuwa ua wenye mwembe mmoja, viti vya chuma, na kreti tupu kwa waliochelewa viti. Mlangoni jiko la nyama lilifuka. Juu ya friji waliweka televisheni, na televisheni mtaani kwetu zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo watu walijaa hadi ukutani. Nigeria walikuwa wanacheza na Italia huko Marekani, Kombe la Dunia. Usiku ule kila mtu pale alikuwa Mnaijeria.

"Katibu! Karibu Katibu!"

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo Katibu. Alikuwa Baba. Watu wazima wakampisha kiti chini ya mwembe, wakamwamkia Mama kwa heshima, "Shikamoo mama." Soda zikaja. Baba naye akaagiza soda, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Halafu mchoma nyama akaleta sinia: mbuzi kilo nzima, ndizi za kuchoma, kachumbari, na pilipili pembeni. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Hii analipa nani?"

Mchoma nyama akamsikia. "Shemeji, ilishalipwa. Nimezungushwa na kiwanja changu mwaka mzima, njoo kesho, njoo kesho. Katibu akaniandikia barua moja tu. Waliposoma wakaniita ndani, wakanipa kiti!"

Basi ndani ya lile faili mlikuwa na karatasi za mistari, bahasha na kalamu mbili. Meza ile chini ya mwembe ndiyo iliyokuwa ofisi. Aliandika barua za kuomba kazi, za madai, za nyumbani. Malipo yake sahani ya chipsi au nauli ya daladala.

Amunike alipofunga, soda yangu ilimwagika na hakuna aliyejali. Tulikuwa tunamalizia mifupa baamedi alipokuja, akijifuta mikono kwenye gauni.

"Katibu, samahani, najua uko na familia. Kuna mtu anaondoka alfajiri kwenda Singida."

Baba akamtazama Mama. Mama akasema, "Mwandikie."

Akanawa, akafungua faili. *Kwa mama yangu mpenzi, salamu nyingi sana. Baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali.*

"Mwambie nafanya kazi ofisini," dada akasema.

Kalamu ikasimama. "Ofisi gani, mwanangu? Akija kukutafuta je?"

Dada hakujibu. Baba akaandika kwa muda, polepole. Alipoanza kumsomea, Baggio akasawazisha. Zimebaki dakika mbili, Waitalia wenyewe wako kumi! Baa nzima ikawa kimya kama msibani, na sauti ya Baba ikabaki peke yake:

"Mama, nafanya kazi ya kuwahudumia watu chakula na vinywaji. Ni kazi ya kusimama sana na usiku ni mrefu, lakini ni kazi. Nakutumia hizi kidogo, ununue chumvi na sabuni."

Dada akalia. Watu walidhani analilia Nigeria.

Hatukungoja dakika za nyongeza. Tulisikia tukiwa njiani, kelele ya huzuni ikitoka kila penye televisheni: Baggio tena, penalti.

Mama alikuwa amembeba mdogo wangu aliyelala. Akasema, "Binti wa watu umemfanya amwambie mama yake ukweli."

"Ndiyo."

"Na wewe wanao utawaambia lini?"

Baba alitembea hatua kadhaa bila kujibu. Mimi nilitazama chini, nikijifanya sisikii.

"Si nimewaleta," akasema.

Kesho yake asubuhi aliondoka na faili lake kama kawaida, ila alivaa fulana na kandambili. Nikamuuliza, "Baba, unakwenda wapi?"

"Baa," akasema. "Kazini."