Maji Tahiri na Maji Salama

 

Ndugu zangu Waislamu, mimi ni mwalimu wa chuo, na umri wangu umekwisha kupita miaka sitini. Leo sikuja kuwaambia makosa ya watu wengine. Nimekuja na kosa langu mwenyewe, kwani aibu ya hapa duniani ni nyepesi kuliko ya kesho akhera.

Msikitini petu, huku bara ya Mombasa, kiko kisima cha wakfu alichokichimba marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipokuwa mtoto, upande wa juu wa kisima palikuwa na minazi na mihogo. Kisha watu wakaanza kumwaga taka, mkokoteni mmoja mmoja, baadaye malori, mpaka pakawa jaa, na jaa likawa kilima. Sisi tulilalamikia moshi, nzi na harufu. Maji hatukuyasemea neno, kwa kuwa yalitoka meupe na baridi vile vile.

Siku moja alinijia jirani aliyekuwa na mtoto wa majuma matatu. Akasema, "Maalim, maziwa yangu hayamtoshi mtoto, namkorogea ya kopo. Maji haya ya kisimani ni mazuri?" Nikateka kwa kata, nikayatazama, nikayanusa, nikayaonja. Nikamjibu, "Mpe, mwanangu. Hayana neno."

Nilisema hivyo kwa elimu niliyokuwa nayo. Kila aliyesoma fiqhi ya Imamu Shafi anajua kwamba maji yaliyofika kula mbili, kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, au tamu, au harufu. Nimelisomesha somo hilo miaka mingi. Nami nilidhani nimeulizwa swali hilo.

Baada ya miezi michache akaja kijana niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa kazi yake ni kupima maji.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba ruhusa tupime kisima."

Wallahi niliona uchungu. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe umekulia kwa maji haya." Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo maana nimekuja, Maalim."

Nikakaa barazani kumtazama. Kwanza aliteremsha kamba ya vipimo ajue maji yako chini kiasi gani. Kisha akayavuta maji mengi na kuyamwaga. Nilipomuuliza sababu ya israfu ile, akasema maji yaliyolala kisimani hayasemi kweli ya maji yaliyomo ardhini, hivyo huondolewa ili mapya yaingie. Akapima joto lake, ukali wake, na jinsi yanavyopitisha umeme, maana chumvi zilizoyeyuka zikizidi umeme nao hupita zaidi. Akajaza chupa, akazitia katika sanduku la barafu, akaondoka mbio, kwa kuwa vijidudu hutakiwa vianze kuchunguzwa kabla siku haijapita.

Alinieleza kwamba mvua inaponyesha juu ya jaa, maji hupenya ndani ya taka na kutoka chini yakiwa meusi kama kahawa, yamebeba chumvi, amonia na pengine madini kama ya risasi. Jaa letu halikutandikwa kitu chochote chini yake. Na pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa, maji hupita humo upesi bila ya kuchujika vizuri. Kwetu maji ya ardhini huelekea baharini, na kisima chetu kiko kati ya jaa na bahari.

Hakutosheka na kisima chetu. Akapima kimoja kilicho juu ya jaa, na vingine viwili vya upande wetu. Akasema, "Maalim, chumvi inaweza kutoka baharini, na uchafu unaweza kutoka katika vyoo vyetu vya shimo. Asiyelinganisha juu na chini humdhulumu mtu." Nikajiambia, huyu ananifundisha mlango wa ushahidi! Kisima kimoja ni shahidi mmoja, na kipimo cha siku moja ni neno la siku moja. Akarudi wakati wa masika, akarudi na wakati wa kiangazi.

Majibu yakaja. Kisima cha juu ya jaa kilikuwa na afadhali. Chetu kilikuwa na nitrati kupita miligramu 50 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Nitrati haina rangi, wala harufu, na kwa kiasi hicho ulimi hauijui. Lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, damu yake huweza kushindwa kuchukua hewa, akageuka rangi ya buluu. Na kuyachemsha hakuiondoi, bali maji yakipungua yenyewe huzidi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapiga hodi kwa yule jirani. Mtoto alikuwa akitambaa, alhamdulillahi. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikujibu nisilolijua. Nisamehe." Alilia, nami nikalia.

Nikarudi vitabuni, nikaona kasoro ilikuwa yangu, haikuwa ya vitabu. Wanachuoni wamesema mmea wenye sumu ni tahiri, na kuula ni haramu. Basi tahiri ni jambo moja, na salama ni jambo lingine. Katika mlango wa kuhuisha ardhi wameeleza harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo mtu hana ruhusa kulifanyia la kukidhuru. Na Imamu Abu Daud, aliyefariki mwaka 275 Hijria, alipokiendea kisima cha Budhaa huko Madina hakutosheka na habari za kusikia. Alikipima upana kwa shuka yake, akapata dhiraa sita, akamuuliza mlinzi kama jengo lake limebadilika, na akatazama rangi ya maji. Imamu wa hadithi alipima kisima kwa mkono wake, na mimi nilimkasirikia mwanafunzi wangu kwa kufanya hivyo hivyo!

Sasa kisima kile tunatawadhia na kufulia tu, na maji ya kunywa tunayatoa penginepo. Vipimo vyote vinaandikwa katika daftari linalokaa pamoja na hesabu za wakfu, apate kulisoma kila mtu. Wako wanaosema jaa likifungwa mambo yamekwisha. Jaa la Kibarani, hapa Mombasa, lilifungwa mwaka 2018, na watu wakafurahi. Lakini taka zilizofukiwa haziachi kutoa maji yake siku lango linapofungwa. Huko Marekani sheria huwataka wenye majaa ya miji waendelee kupima maji ya ardhini kwa kawaida miaka 30 baada ya kufunga.

Enyi wasimamizi wa wakfu, na enyi wenye visima majumbani, msione haya kupima. Na ewe mwalimu mwenzangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolisema bila ya ujuzi, awalinde watoto wetu, na alipokee kisima cha baba yangu kuwa sadaka yenye kuendelea. Amin.